Homa ya ini C na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na kwenye mialo ya Ziwa Victoria

Huku Kanda ya Ziwa, homa ya ini inayozungumzwa zaidi ni B, na ni sawa, maana ndiyo iliyoenea zaidi. C hugundulika kwa bahati: mtu amekwenda kuchangia damu, au anaandaliwa kwa upasuaji, au tumbo limeanza kujaa maji. Akishapewa karatasi ya majibu maswali yanamjaa, na muda wa kukaa na daktari ni mfupi. Hapa tumejibu yale yanayorudi kila mara, hasa kuhusu kinachofanywa na kinga ya mwili kirusi kikishaingia.

Homa ya ini C ni nini, na inatofautianaje na B?

Ni ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi kinachoenezwa kwa damu. Kirusi cha B na kirusi cha C ni viumbe viwili visivyo na undugu. B ina chanjo, na watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa tangu 2002. C haina chanjo. Lakini C ina dawa inayoiondoa kabisa mwilini, wakati B mara nyingi hutulizwa tu. Kwa hiyo aliyechanjwa B asijihesabu amekingwa na C.

Kirusi cha C kilitambuliwa 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona watu wakiugua ini baada ya kuongezewa damu, wakapima homa ya ini A hawakuiona, wakapima B hawakuiona. Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na homa ya ini C sugu.

Nilichangia damu, nikaitwa nikaambiwa nina kingamwili za C. Ndiyo kusema ninaumwa?

Bado hujui, na hakuna anayejua mpaka upimwe kipimo cha pili. Ukisoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, basi liwe hili.

Kipimo cha haraka ni kile kipande cha plastiki chenye kidirisha kirefu. Mhudumu anadondosha damu kwenye kitundu, anaongeza matone ya dawa ya kipimo, mnasubiri kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Pembeni mwa kidirisha kuna herufi mbili, C na T. Wapo watu waliotoka chumbani wakilia kwa kuona mstari kwenye C, wakidhani ndiyo homa ya ini C yenyewe. Sivyo. Mstari wa C huonekana kwa kila mtu na unathibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Unaohusu ugonjwa ni ule wa T.

Na mstari wa T nao hausemi kwamba kirusi kipo. Unasema kwamba seli zako nyeupe ziliwahi kukutana na kirusi hiki zikatengeneza protini za kupambana nacho, yaani kingamwili. Protini hizo hubaki kwenye damu miaka mingi hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Kipimo kinachosema kama kirusi kipo leo ni kile kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, ambacho wengi wanakijua kwa jina la PCR au kipimo cha wingi wa virusi. Mtu mwenye mstari wa T asiyekuwa na virusi kwenye PCR hana ugonjwa wa kutibiwa.

Kuna upande wa pili pia. Kingamwili huchelewa kutokea, mara nyingi wiki 8 hadi 11 baada ya kuambukizwa. Aliyechomwa na sindano yenye damu Jumatatu, akapimwa kipimo cha haraka Ijumaa, hajapimwa kitu. PCR huweza kukiona kirusi ndani ya wiki moja au mbili.

Kirusi kikishaingia kwenye damu, mwili unafanya nini?

Kirusi hukimbilia ini na kuingia ndani ya seli zake. Humo huanza kujinakili kwa kasi ya kutisha: kwa mtu mwenye ugonjwa sugu, virusi vinavyozalishwa kwa siku moja hukadiriwa kufikia trilioni.

Seli ya ini haikai kimya. Ndani yake kuna vihisio vinavyotambua chembe za urithi za kigeni, na vikizitambua vinaamrisha utengenezaji wa interferoni. Interferoni ni protini ya tahadhari: inaifanya seli iliyoambukizwa na majirani zake wawashe mamia ya jeni za kuzuia virusi. Hii ni kinga ya mwanzo kabisa, haihitaji kumjua adui kwa jina.

Hapo ndipo kirusi cha C kinapoonyesha ujanja wake. Kina kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, kiitwacho NS3/4A, ambacho kazi yake ya kawaida ni kukata protini za kirusi kuwa vipande vinavyofaa. Kimeng'enya hichohicho hukata pia protini mbili za seli yetu zinazopeleka ujumbe kutoka kwenye vihisio. Seli imekwisha kugundua kuwa ina mgeni, lakini ujumbe unakatika njiani. Baadhi ya dawa za kisasa, zile ambazo majina yake huishia na -previr, zinafanya kazi kwa kuziba kimeng'enya hiki.

Seli nyingine zinazowahi kufika ni seli NK, aina ya seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa bila kungoja mafunzo. Ini la binadamu limejaa seli hizi kuliko damu ya kawaida. Zinasaidia kupunguza, lakini peke yake hazimalizi kazi.

Seli T ni zipi, na kwa nini zinachelewa?

Wanaoishi na VVU wanazijua kwa jina la CD4, maana ndizo zinazohesabiwa kliniki. CD4 ni kundi moja la seli T, linaloratibu. Kundi la pili ni CD8, linaloua seli zilizobeba kirusi au kuzima uzalishaji wa kirusi ndani yake.

Kwenye homa ya ini C, virusi hupanda mpaka kiwango cha juu ndani ya wiki chache za mwanzo, lakini seli T zinazokitambua kirusi huonekana kwenye damu baada ya wiki tano hadi tisa hivi. Zikiingia kwenye ini ndipo vimeng'enya vya ini hupanda kwenye vipimo, na mgonjwa mmojammoja macho yanageuka manjano. Wengi, kama wanane kati ya kumi, hawahisi chochote.

Kwamba seli hizi ndizo zinazoamua matokeo si dhana tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia sokwe waliokwisha kupona C, kisha wakaambukizwa tena. Walipoondolewa seli CD8, virusi viliendelea mpaka seli hizo ziliporudi. Walipoondolewa CD4, seli CD8 zilikuwepo lakini zilishindwa kumaliza kazi, na kirusi kikabadilika kuzikwepa. CD8 inaua, lakini bila CD4 ya kuisaidia haidumu.

Mbona wengine wanapona bila dawa yoyote?

Karibu watatu kati ya kumi huondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita. Wanaofanikiwa huwa na seli CD4 zenye nguvu, zinazoshambulia sehemu nyingi za kirusi kwa wakati mmoja na kuendelea mpaka mwisho. Wanaoshindwa mara nyingi walianza vizuri, kisha CD4 zikapungua kabla kirusi hakijaisha.

Kurithi nako kumo. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba tofauti ndogo karibu na jeni za interferoni lambda hubashiri nani atapona. Aina inayosaidia ni ya kawaida sana Asia Mashariki, na ni chache zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Wanawake hupona wenyewe zaidi ya wanaume. Hakuna katika hayo mtu anachoweza kujipangia, kwa hiyo aliyebaki na kirusi asilaumiwe kwamba hakula vizuri au hakuwa na imani.

Kama nina kingamwili, kwa nini hazinilindi?

Kwa sababu kirusi hubadilika haraka kuliko zinavyotengenezwa. Kimeng'enya kinachonakili chembe zake za urithi hukosea mara nyingi na hakina namna ya kusahihisha, hivyo ndani ya mtu mmoja kuna kundi la virusi vinavyofanana lakini si sawasawa. Sehemu ya ganda lake la nje ambayo kingamwili huishika kwa urahisi ndiyo inayobadilika zaidi. Kingamwili za leo zinafaa kwa kirusi cha wiki zilizopita.

Tena kirusi hiki husafiri kwenye damu kikiwa kimeshikamana na mafuta ya mwili wetu wenyewe, na huweza kupita kutoka seli moja ya ini kwenda ya jirani bila kutoka nje. Kingamwili inayozunguka kwenye damu haikipati.

Nimesikia seli T "huchoka". Seli inachokaje?

Inachoka kweli. Seli CD8 iliyokutana na kirusi kilekile kila saa, miezi na miaka, huanza kuota juu yake vizuizi, mashuhuri zaidi kikiitwa PD-1. Kizuizi hiki si ugonjwa. Ni namna mwili unavyojihami usijiangamize kwa vita visivyoisha. Seli ikiwa na PD-1 nyingi hupunguza kuzaliana, kisha hupunguza protini za kuua, na mwishowe hubaki ipo tu. Ukiihesabu utaikuta, ila haifanyi kitu.

Ndiyo maana mtu mwenye C sugu anaweza kuwa na seli nyeupe za kutosha kwenye kipimo cha kawaida cha damu na bado kirusi kikaendelea. Tatizo halimo kwenye idadi.

Kwa hiyo kirusi ndicho kinachokula ini?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Seli ya ini inaweza kuishi na kirusi cha C bila kufa. Uharibifu mwingi hutokana na seli zetu wenyewe zinazoshambulia seli zilizoambukizwa, kisha mwili unaziba mahali zilipokufa kwa kuweka nyuzi za kovu. Kuna seli maalumu ndani ya ini zinazotengeneza nyuzi hizo zikichokozwa na uvimbe wa muda mrefu. Kovu juu ya kovu, ini linakuwa gumu na kusinyaa.

Inachukua muda. Katika watu wenye C sugu, asilimia 15 hadi 30 hufikia ini kusinyaa ndani ya miaka 20. Pombe huharakisha sana, iwe bia au gongo. Huharakishwa pia na VVU ambavyo havijadhibitiwa. Ini likishasinyaa, hatari ya saratani ya ini inapanda, na huku kwetu mahindi na karanga zenye ukungu, kwa sumu yake ya aflatoksini, zinaongeza mzigo huohuo.

Nimekulia Ukerewe na nimewahi kuugua kichocho. Kinahusika?

Swali hili lingepaswa kuulizwa zaidi kuliko linavyoulizwa.

Kichocho cha tumbo, kinachowapata wavuvi, wachota maji, wanawake wanaosafisha dagaa ufukweni na watoto wanaoogelea, nacho huumiza ini. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yake yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama. Kinga ya mwili inayazungushia seli, na hatimaye kovu. Kovu la kichocho hukaa pembezoni mwa mishipa inayoingiza damu kwenye ini, tofauti na la C linalosambaa ndani ya ini lenyewe, lakini mwisho wake unaweza kufanana machoni pa ndugu: wengu kuvimba, tumbo kujaa maji, kutapika damu. Kijijini wengi husema karogwa.

Sasa mtu akiwa na vyote viwili. Mwili unaopambana na mayai ya minyoo hupanga seli CD4 zake kwa mtindo wa kupigana na minyoo, ambao si mtindo wa kuua virusi. Tafiti zilizofanyika Misri ziliona kwamba watu wenye kichocho pamoja na C walikuwa na seli T dhaifu dhidi ya kirusi, walipona wenyewe kwa nadra, na makovu yao yaliongezeka haraka.

Misri ina funzo jingine linalouma. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilitibu kichocho vijijini kwa sindano za madini ya antimoni, na sindano zilirudiwa mtu hadi mtu. Kichocho kilipungua, C ikaenea mpaka nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani. Baadaye walipima makumi ya mamilioni ya watu, wakawatibu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatambua mafanikio yao. Kichocho leo hutibiwa kwa vidonge vya praziquantel, kwa hiyo mwanao akipewa dawa shuleni hakuna sindano na hakuna hatari hiyo. Mpe chakula kwanza, ameze.

Naishi na VVU na ninatumia ARV. Kinga yangu itaweza?

CD4 zikiwa chini, uwezo wa kuondoa C bila dawa unashuka na makovu huja haraka. ARV zinasaidia kupunguza kasi hiyo, ila haziondoi C. Dawa za C hufanya kazi vizuri vilevile kwa mwenye VVU. Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Muhimu kuliko zote: kama uko kwenye dawa za TB, sema. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, hushusha kiwango cha dawa za C kwenye damu mpaka zisifae, na kwa kawaida TB humalizwa kwanza.

Kuna dawa za kuongeza kinga zinauzwa stendi na mitandaoni. Zinafaa?

Hazifai kwa C. Umeona hapo juu kwamba kinga haikushindwa kwa uhaba. Imechoshwa, imekwepwa, na ujumbe wake umekatwa. Unga wa majani au chupa ya mizizi haviwezi kurekebisha hayo. Baya zaidi, baadhi ya mitishamba huumiza ini moja kwa moja, na mtu anaanza kuitumia wakati ini halina akiba. Tunawaheshimu wazee wetu wa tiba asili, na wapo wenye busara wanaompeleka mgonjwa hospitali wakiona macho ya manjano. Lakini anayeuza chupa ya kutibu homa zote za ini kwa wiki mbili anakuibia fedha na muda, na muda ndio wenye thamani zaidi.

Dawa za hospitali zinafanyaje kazi? Zinaongeza kinga?

Haziongezi. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, hadi wiki 48, zenye homa, huzuni na upungufu wa damu, na kwa aina fulani za kirusi chini ya nusu ndio waliopona. Dawa za sasa zinakishika kirusi chenyewe. Sofosbuvir inazuia kimeng'enya kinachonakili chembe zake za urithi. Daclatasvir inaziba protini nyingine inayohitajika kujinakili na kujikusanya. Ni vidonge, kwa kawaida wiki 12, au 24 kwa mwenye ini lililosinyaa. Zaidi ya asilimia 95 hupona, na kupona huthibitishwa kwa PCR wiki 12 baada ya kumaliza.

Kabla ya kuanza lazima upimwe B. C ikiondolewa, B iliyokuwa imetulia huweza kuamka na kuliumiza ini vibaya.

Nikipona, kinga yangu itarudi kama zamani?

Kwa sehemu. Seli NK hurejea karibu na kawaida, na seli T hupumzika na kupata tena baadhi ya uwezo. Lakini alama za uchovu hubaki kwenye seli nyingi hata miaka baadaye. Ndiyo maana aliyepona anaweza kuambukizwa upya akichangia sindano au wembe. Na aliyefikia ini kusinyaa, hata kirusi kikiisha, aendelee na ultrasaundi kila miezi sita kuangalia saratani.

Tunza karatasi ya PCR ya mwisho. Kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha kingamwili, na mhudumu asiyekujua atadhani unaumwa.

Kwa nini hakuna chanjo?

Aina za kirusi ni nane, na kila moja ina matawi. Chanjo moja iliyolenga kuamsha seli T ilijaribiwa Marekani kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Matokeo yalichapishwa 2021. Seli T ziliamka kwa wengi, lakini ugonjwa sugu haukuzuilika. Kazi inaendelea.

Naweza kuipata kwa samaki, maji ya ziwa, mbu au kula sahani moja?

Hapana kwa yote. Kunyonyesha pia hakuna shida, ila chuchu zikipasuka na kutoa damu, pumzisha mpaka zipone. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua, kwa takriban watoto watano au sita kati ya mia. Mtoto asipimwe kingamwili kabla ya miezi 18, maana zitakazoonekana huenda ni za mama.

Na kinyozi wa mwaloni?

Mashine inayopitishwa kichwa kimoja baada ya kingine ikiwa na damu ni hatari, na kupaka spiriti harakaharaka hakutoshi. Nunua wembe wako au uwe na mashine yako. Kwa chale, kutoga masikio na tohara, sharti ni lilelile: kifaa kipya, kifunguliwe ukiona.

Nianzie wapi Mwanza?

Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa rufaa utafika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando. Ukiwa na kingamwili, uliza PCR inapimwa wapi. Mashine za GeneXpert zinazotumika kwa TB zina katriji ya kupima virusi vya C pia, kwa hiyo uliza kama katriji hizo zipo kabla hujalipa nauli. Uliza pia kipimo cha AST (kimeng'enya cha ini) na hesabu ya chembe sahani (zinazogandisha damu), kwa kuwa daktari hutumia namba hizo mbili kukadiria makovu bila kukuchoma sindano kwenye ini. Kama unatoka Nansio au kisiwani, piga simu kwanza ujue siku ya kliniki ya ini, na uulize kama damu inaweza kutolewa hukohuko ikatumwa.